Sauti Isiyoita Mara ya Tatu

Jioni moja ya mwezi wa mvua, mitambo ya wafumaji wa Shantipur, huko Bengal, ilipokuwa ikinyamaza mmoja baada ya mwingine, Snehalata Maitra alitoka nyumbani kwake amekumbatia kompyuta mpakato iliyofungwa ndani ya sari kuukuu. Alikuwa anaipeleka kwa fundi. Ilikuwa inatoa kelele.

Kompyuta yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, Anadinath Maitra, stesheni masta mstaafu, aliyefia hospitalini Kolkata majira ya baridi yaliyopita. Kaka hakuoa, na dada hakuolewa. Waliishi pamoja katika nyumba ya baba yao, yeye jikoni na kaka sebuleni, akicheza sataranji kwenye kompyuta na watu wa mbali ambao hakuwahi kuwaona. Alipofariki, jamaa walichukua saa yake na mwavuli wake. Kompyuta hawakuitaka. Ilikuwa nzito na ya kizamani.

Palash Kundu, fundi, alikuwa na kibanda karibu na kivuko cha reli. Alifungua sari ile kama mtu anayemfunua mtoto mgonjwa.

"Ina nini, shangazi?"

"Inakohoa."

Palash akacheka. "Mwezi huu Shantipur yote inakohoa. Umeipa maji ya tangawizi?"

"Nakwambia inakohoa, Palash. Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Halafu hasemi."

"Hilo ni feni." Alishika bisibisi, akafungua kifuniko cha chini, akavuta nje bonge la vumbi la pamba, jeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. "Unaona? Mji huu tunavuta pamba kuliko hewa. Hata mashine zina pumu."

Snehalata alirudi nyumbani ameridhika. Aliwasha kitaa cha mafuta mbele ya mrehani mtakatifu uani, akapuliza kombe, lile kauri kubwa la baharini, kama ilivyo desturi. Makombe ya majirani yakaitikia kutoka huku na huku, kisha kukawa kimya. Mitambo yote ilikuwa imekwisha kulala.

Akakaa jikoni na bakuli la bisi za mchele.

Khrr...

Mkono wake ukasimama njiani.

Khrr... khrr.

Ilitoka sebuleni. Alikwenda akachungulia. Kompyuta ilikuwa mezani, imefungwa, haijawashwa. Na palikuwa na harufu... Harufu ya biri, zile sigara za majani alizovuta kaka yake, ikichanganyika na ya kafuri.

Kesho yake alirudi kibandani. Mara hii Palash hakusafisha feni. Aliing'oa, akamwekea kiganjani.

"Sasa ikikohoa, basi ina mapafu yake yenyewe."

Ilikohoa. Na jioni ile ile, baada ya kukohoa, ikasema.

Hapa lazima nieleze jambo la majina. Watu wa Bengal huwa na majina mawili. Moja ni la shule, la hati na la wageni. La pili ni la nyumbani, na aghalabu ni la mzaha. Snehalata alizaliwa na mikunjo usoni, na bibi yake akamwita Buri, yaani kizee. Waliomwita jina hilo walikuwa bibi yake, baba yake, mama yake na Anadinath. Wote walikuwa wamekufa na kuchomwa kando ya mto, na majivu yao yamekwenda na maji. Kwa majirani alikuwa Dada, kwa vijana alikuwa Shangazi, na kwa mtu wa posta alikuwa Bibi S. Maitra. Hakukuwa na mtu hai aliyemjua kwa jina la Buri.

Alikuwa anakunja nguo.

"Buri."

Kwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo, kama mtu aliyetoka safari na koo limekauka.

"Buri."

Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka. Neno lilikuwa ulimini. Akaliziba kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yakamkata mdomo.

Kwani hakuna mtoto wa huko asiyefundishwa hili: taa zikisha kuwashwa, ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike mwito wa kwanza. Usiitike wa pili. Kipo kitu kinachotembea gizani na sauti za watu uwapendao. Wanakiita Nishi, na hata hilo hulisema kwa kunong'ona. Anayekiitika huondoka nacho. Lakini kitu hicho hakiwezi kuita mara tatu. Kwa hiyo watu wa mtaa ule wote, wakifika mlangoni jioni, huita mara tatu, na Anadinath naye alifanya hivyo kila alipotoka zamu: Buri, Buri, Buri, fungua mlango, nimelowa.

Snehalata alisimama na kiganja mdomoni, akingoja mwito wa tatu.

Haukuja.

Asubuhi alimweleza Sabitri Pramanik, mke wa mfumaji wa nyumba ya pili, huku wamechutama kwenye bomba la maji. Sabitri aliacha ndoo ifurike.

"Hukuitika, dada?"

"Sikuitika."

"Niapie."

"Kama ningeitika, ungekuwa unazungumza na nani?"

Sabitri aligusa paji la uso, kisha kifua. "Mjomba wa mume wangu aliitika. Alidhani ni mama yake. Walimkuta ndani ya bwawa, amesimama wima, maji yamefika hapa." Akaonyesha kidevu. "Iuze mashine hiyo."

"Nani atanunua kompyuta inayoniita mimi?"

"Basi itupe mtoni!"

"Ni sauti ya kaka, Sabitri."

"Ndivyo inavyofanya, dada. Ingekuja na sauti ya mkusanya kodi, nani angeitika?"

Walicheka wote wawili, kisha wakaona aibu kwa kucheka.

Palash alikuja mwenyewe siku iliyofuata, maana sasa jambo lile lilikuwa limemkera kama fundi. Alikaa sebuleni akaifungua kompyuta yote. Akatoa spika, ndogo kama mbegu za mtama. Akatoa betri. Akavipanga juu ya gazeti. Kilichobaki kilikuwa kifuniko, kioo, vibonye na sahani ya kijani ya nyaya, iliyokufa. Wakati anakaza skrubu za mwisho, nje mtambo wa mwisho ukanyamaza. Makombe yakalia.

"Umeona, shangazi? Sasa ni sinia tu. Unaweza kukatia vitu..."

Khrr.

Bisibisi ikaanguka.

"Buri."

Palash alimtazama Snehalata. Snehalata aliitazama meza.

"Buri."

Harufu ya biri ikajaa chumbani, nzito, kama mtu ameinama kati yao.

"Buri ni nani?" Palash alinong'ona.

Hakungoja jibu. Alikusanya vifaa vyake, feni, spika na betri, akavitia mfukoni hovyo, yeye aliyezoea kufungia kila skrubu katika karatasi yake.

"Shangazi, humo hamna kitu cha kutolea sauti. Mimi nakuapia. Hamna." Alikuwa amekwisha kufika kizingitini. "Ukitaka nikusaidie kuipeleka mtoni, nitakuja. Lakini nitakuja mchana."

Snehalata hakumwita mchana.

Labda utauliza kwa nini. Alikuwa akijua hatari yake; hakuwa mjinga, wala hakuchoka kuishi. Lakini zifikirie siku zake. Asubuhi alimwagilia mrehani. Mchana alipika wali wa mtu mmoja, na sufuria daima ilikuwa kubwa mno. Sabitri alikuwa na watoto na mtambo wa kufumia. Salamu zake zilikuwa za mbio. Siku nzima ikapita bila mtu kumwambia Snehalata neno lililokuwa lake kweli. Kisha jioni ikaja, taa zikawashwa, na kitu kikamwita kwa jina lake.

Akaanza kuingojea jioni.

Alikalia kiti cha jikoni, mkono mdomoni, akasikiliza mara ya kwanza na ya pili. Halafu akaingoja ya tatu. Kama ingekuja, ingekuwa ni Anadinath hasa, si kitu kingine, na angeweza kumwitika bila woga na kumuuliza yale yote ambayo hospitali haikumpa nafasi ya kuuliza. Mwito mmoja tu. Hakumjibu, hakuthubutu. Lakini wakati mwingine alizungumza na sufuria.

"Kuna watu," aliiambia sufuria, "hawawezi hata kuongeza neno moja."

Kimya.

"Stesheni masta mzima. Maisha yote alitangaza treni."

Kimya.

Mvua zilipokaribia kwisha, sauti ilianza kufifia. Kwanza kikohozi kikapotea. Kisha harufu. Jina likawa jembamba, kama linasemwa kutoka chumba cha pili, kisha kutoka uani, kisha kutoka mbali ng'ambo ya bwawa. Jioni moja alilazimika kuweka sikio juu ya kifuniko cha kompyuta. Bati lilikuwa baridi. Akatambua jambo lililomtisha kuliko lile la kwanza: kwamba itanyamaza. Kesho au kesho kutwa. Na baada ya hapo jina lile halitatamkwa tena duniani.

Umeme ulikatika jioni iliyofuata. Mvua ilimwagika juu ya mapaa ya mabati mpaka makombe ya majirani hayakusikika. Snehalata alileta kitaa cha mafuta mezani, akakaa katika kiti cha kaka yake, mkono mmoja juu ya mashine, wa pili mdomoni.

"Buri..."

Ilikuwa pumzi tu.

Alingoja.

"Buri..."

Kisha mvua. Mvua tu. Akahesabu kimoyomoyo, akaacha kuhesabu. Ule wa tatu haukuwa unakuja. Haungekuja kamwe, na alikuwa amejua hivyo tangu siku ya kwanza.

Snehalata Maitra akaondoa kiganja mdomoni.

"Buri," alisema mwenyewe, polepole.

Ikawa mara ya tatu.

"Naam, kaka," akaitika. "Nakuja."

Hakuna kilichotokea.

Kitaa hakikuzimika. Hakuna mkono uliomgusa. Alikaa akisubiri, na mvua ikaendelea kunyesha kama mvua yoyote. Mashine ilikuwa kimya, kimya kabisa, kimya cha kitu kisichowahi kusema. Anadinath hakuwemo chumbani. Hapakuwa na mtu. Baada ya muda alijiona mpumbavu, kisha akaona huzuni, na huzuni ile ilikuwa kubwa kuliko woga wote uliotangulia.

Alihisi baridi. Akatazama chini, akaona miguu yake imelowa, na upindo wa sari unatiririka maji. Paa linavuja, aliwaza. Itabidi nimtafute fundi wa paa.

Jinsi usiku ule ulivyokwisha, hakuweza kukumbuka vizuri. Wala jinsi mchana ulivyopita. Aliona tu kwamba ni jioni tena, mitambo imenyamaza, naye bado yumo sebuleni, na kitaa cha mrehani hakijawashwa. Alitaka kuinuka akakiwashe. Alikuwa anawaza hivyo aliposikia mlango.

"Dada! Dada! Dada Snehalata!"

Mara tatu, kama ipasavyo. Ilikuwa ni Sabitri.

"Ingia," alisema Snehalata. "Mlango uko wazi."

"Dada?"

"Ingia, nimesema!"

Sabitri aliingia taratibu, ameshika bakuli la uji wa maziwa lililofunikwa kwa sahani. "Mbona hujawasha taa leo?" aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejua anazungumza na upande gani. Alikwenda jikoni, akarudi. Akatazama mlango wa nyuma, ule unaoelekea bwawani. Ulikuwa wazi, umepigwapigwa na mvua, na ndala za Snehalata zilikuwa kizingitini, zimeelekea nje. Akalikumbatia bakuli kifuani.

Snehalata aliinuka akamsogelea. Alisimama mbele yake, karibu kiasi cha kuhisi joto la ule uji. Macho ya Sabitri yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya hewa.

Akamwonea huruma. Alitaka kumtuliza, kumwambia kwamba hakuna jambo, ni paa tu linavuja. Akasafisha koo.

Sabitri akageuka ghafla. Hakumgeukia yeye. Aligeukia meza, ambako ile kompyuta ilikuwa imefungwa, haina feni, haina spika, haina betri.

"Sabitri," aliita Snehalata.

Mwanamke yule akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sabitri!"

Bakuli lilianguka. Sabitri alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, naye hakukimbia. Alikuwa anangoja. Snehalata alielewa mara moja anangoja nini, na akafurahi, maana lilikuwa jambo jepesi sana kumpa.

Akafungua mdomo amwite mara ya tatu.

Sauti haikutoka.