Mafundi wa Miaka Kumi Ijayo

Kila asubuhi Fundi Barafu alifungua karakana yake ya majokofu. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Spana, alipanga vifaa na kupokea wateja. Siku hizo kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono. Fundi mmoja alikuwa amestaafu, na kwa miezi saba hawakupata wa kushika nafasi yake. Jokofu la zahanati lilisubiri siku nne. Chanjo zikaharibika. Akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao bila kuchanjwa.

Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma Fundi Barafu alipoingia dada mmoja mwenye fomu.

"Hodi! Natoka ofisi ya kazi. Fundi, miaka kumi ijayo utahitaji mafundi wangapi?"

"Dada yangu, mimi si mpiga ramli! Kesho yenyewe siijui."

Afisa akacheka. "Nakuuliza unachokijua. Mafundi wako wana umri gani?"

"Wamebaki watatu. Wawili wamepita hamsini na tano."

"Basi hao watastaafu. Na kazi je, inaongezeka?"

Mama Spana akadakia, "Sana! Kuna zahanati mpya mbili, na kiwanda cha maziwa kinajengwa."

"Mmeona? Tunauliza hivyo kwenye kilimo, afya, ujenzi na viwanda. Tunajumlisha, kisha tunalinganisha na vijana walio vyuoni. Palipo na upungufu, tunakishauri chuo kifundishe nini. Makadirio yanaweza kukosea, ndiyo maana tunarudi kuuliza tena."

"Mbona chuo chetu kilifunga darasa la majokofu?" Fundi Barafu akauliza.

"Mara ya mwisho karakana zote zilikataa kujibu. Mlidhani tunaleta habari za kodi. Chuo kikaona hakuna anayehitaji mafundi."

Fundi Barafu akainamisha kichwa. Hata yeye alimfukuza mtu aliyeleta fomu mara ile.

"Lete fomu," akasema. "Na za wenzangu pia."

Wiki nzima yeye na mkewe walizunguka karakana kwa karakana. Wengine waliwacheka. Hawakukata tamaa. Karakana kumi na moja zikajibu.

Mwaka uliofuata darasa likafunguliwa tena. Siku ya kujiandikisha, Fundi Barafu alimkuta mkewe kwenye foleni, katikati ya vijana.

"Mke wangu, na umri huu?"

"Tuliandika tunahitaji watatu," akajibu bila kutoka kwenye mstari. "Mmoja ndiye huyu. Wawili kawatafute mwenyewe."

Mama Spana alihitimu akiwa wa pili darasani. Wenzake wawili wakaajiriwa pamoja naye kwenye karakana, na msimamizi wa zamu ya asubuhi ni yeye.