Sauti Iliyofungiwa Kabatini

"Wateja wetu wapendwa, mafuta ya kupikia yamepunguzwa bei leo tu. Nasema leo tu. Kesho msije mkanilaumu."

Duka lilikuwa limefurika. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vigari vinagongana, watoto wanalilia biskuti, foleni ya malipo imefika hadi kwenye mabeseni. Watu walilisikia tangazo, wengine wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Kijana mmoja ndiye aliyesimama katikati ya njia na blanketi kwapani, akatazama juu kwenye spika kana kwamba ameitwa.

Alivaa shati la bluu lililopauka mabegani, begi mgongoni, hedifoni zinaning'inia shingoni. Mtaani kwake walimwita Ngwini, kwa sababu ya picha ya yule ndege mweusi mwenye tumbo jeupe aliyoibandika kwenye kompyuta yake. Mikono yake haikujua kutulia. Hata pale aliposimama, vidole vilikuwa vinapiga ngoma kwenye lile blanketi. Aliacha foleni, akafuata waya wa spika kwa macho mpaka kwenye kibanda cha vioo kando ya mlango.

Ndani alikuwepo binti mwenye sare ya kijani iliyomzidi saizi, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko, na kichwani kilemba cha manjano ambacho meneja alikuwa amekikataza mara tatu. Wenzake walimwita Leo Tu.

"Samahani, dada."

"Mafuta yapo safu ya nne, kaka."

"Sijafuata mafuta. Nimefuata hiyo sauti."

"Hiyo haijapunguzwa bei."

"Unaimba?"

"Bafuni. Na bafuni kwetu tunapanga foleni, kwa hiyo huwa simalizi." Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Na wewe, hilo blanketi na joto hili la leo, unaumwa?"

"La kabati langu. Narekodia humo. Blanketi linazuia mwangwi."

"Kabatini!" Leo Tu alicheka mpaka akasahau kuzima kipaza sauti, na duka zima likasikia kicheko chake. Meneja akaja mbio, na mpaka anafika, Ngwini alikuwa ameshapewa namba ya simu.

Wakaanza kupigiana. Mara tatu kwa siku, mara tano, huyu akiwa anatembea na yule akiwa anatembea, maana wote wawili walikuwa watu wa kuhangaika.

"Laazizi, uko wapi?" aliuliza Leo Tu.

"Nakwenda tu."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nikikaa chumbani naona kuta zinanisogelea."

"Geuka basi, njoo huku kwangu. Mimi pia natembea, tutakutana katikati."

Na walikuwa wakikutana kweli, mbele ya benki au kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, wanacheka huku magari yanawapigia honi.

Siku alipopanda kwenye chumba cha Ngwini, juu ya saluni ya kinyozi, Leo Tu alisimama mlangoni akashika kiuno. Kitanda, meza, kabati la mbao, na juu ya meza kompyuta kuukuu yenye kona iliyopasuka.

"Hii ndiyo studio? Hii kompyuta ni urithi wa babu?"

"Ofisi moja waliitupa. Walisema imezeeka, haiwezi tena kazi. Nikaifuta yote, nikaipandishia mfumo mwingine wa kuiendesha, wa bure. Watu wameuandika pamoja, kila nchi ina mtu wake, na ukitaka kuona ndani umeandikwaje, unafungua unasoma. Hakuna wa kukufukuza."

"Na muziki je? Nao wa bure?"

"Programu ya muziki nimeinunua. Bei yake kama ya viatu vya mpira. Nyingine wanazotumia wakubwa ningeuza figo." Akafungua. Mistari ya rangi ikajaa kwenye kioo, mmoja juu ya mwingine. "Huu ni wa ngoma. Huu wa gitaa. Huu mtupu unakusubiri wewe."

Akamwingiza kabatini. Leo Tu alisimama kati ya mashati yanayonukia sabuni na jasho la mtu anayempenda, blanketi mgongoni, kipaza sauti puani, joto kama tanuri, akaimba wimbo aliokuwa ameutunga mwenyewe wakati wa kungoja zamu. Alipotoka, jasho linamtiririka na kilemba kimeanguka shingoni, alimkuta Ngwini ameikodolea macho ile mistari. Vidole vyake, kwa mara ya kwanza, havikuwa vinapiga chochote.

"Mbaya eh?"

"Nyamaza kidogo," alisema Ngwini. "Acha nikupende kwanza, halafu tutaongea."

Basi, mambo yangekuwa matamu hivyo hivyo, lakini kampuni ya duka ikafungua tawi kubwa katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Wakamtaka Leo Tu akawe mkuu wa matangazo: kipaza sauti chake, watu watatu chini yake, na chumba cha kazi chenye dirisha. Akapewa mpaka Jumatatu ajibu. Shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka sita, alishaanza kumkunjia nguo kabla hata hajaulizwa.

"Kazi inakuita kwa jina, na wewe unaniambia habari za kabati?"

"Shangazi, wimbo tunaupeleka redioni. Jumamosi saa nane mchana wanapiga nyimbo mpya, wasikilizaji wanapiga simu. Wakiupenda, nabaki. Nitajua kwamba naweza. Wasipoupenda, nakwenda, na kuimba naacha kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Sitaki kuzeeka naimba bafuni."

Hayo maneno alimwambia Ngwini pia, na Ngwini tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana. Alirekebisha gitaa, akalirudisha lilivyokuwa, akalirekebisha tena. Jumanne walikorofishana, kwa sababu alithubutu kusema kwamba mwanzoni sauti inalifunika gitaa. Leo Tu alinuna siku nzima.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea nyimbo, saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja kasorobo umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ya kompyuta ilikuwa imebakiza kidogo sana.

"Kaa hapa, usiguse waya," Ngwini alisema. "Kinyozi ana jenereta. Nakwenda kumpigia magoti."

Alirudi na waya mrefu na ahadi ya kunyolewa kila wiki mwaka mzima. Akamkuta Leo Tu amevaa hedifoni, macho ameyafumba, anatikisa kichwa polepole.

"Nasikiliza gitaa peke yake," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wenye hedifoni. "Sauti yangu siwezi kuisikiliza, mwili unanisisimka. Nasikia kama mtu mwingine ameiba koo langu. Gitaa lako ni zuri, mpenzi wangu, Jumanne nilikuonea."

"Toka hapo, toka, toka, saa imekwisha!" Akamsogeza kiti na yeye mwenyewe juu yake, akabonyeza kutoa wimbo, akauma kucha wakati kompyuta inajikongoja, akautuma zikiwa zimebaki dakika nne. Wakakumbatiana wakaruka juu ya kile kitanda hadi kinyozi akagonga dari kwa ufagio. Kuusikiliza wimbo uliotumwa, hakuna aliyekumbuka.

Jumamosi saa nane Leo Tu aliunganisha redio na spika za duka. Wenzake wa malipo walishajua, wakapunguza mwendo. Meneja mwenyewe alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Nyumbani shangazi alikuwa amezima pasi.

Ngoma ikaingia. Gitaa likaingia, zuri jamani, mpaka mama mmoja akaanza kutikisa mabega kwenye foleni. Leo Tu alishika kifua akingoja ubeti wa kwanza. Ubeti haukuja. Kibwagizo hakikuja. Gitaa lilikwenda peke yake mpaka mwisho, dakika tatu nzima, na mtangazaji akasema, "Ala tupu hiyo. Nzuri kwa kupigia deki!" akacheka, akaita wimbo mwingine.

"Wewe ulikuwa wapi humo ndani?" aliuliza meneja, bila ubaya wowote.

Leo Tu alikuwa anazima redio. Simu yake ilishaanza kulia.

"Mpenzi, sikiliza, nimesikia, sielewi, nakuja..."

"Umenitoa."

"Sijakutoa! Ngoja nifungue kompyuta nione..."

"Jumanne ulisema nafunika gitaa lako. Ungeniambia tu. Ungesema, dada, kaa kando, mimi nataka gitaa langu lisikike. Umeniacha nisimame mbele ya duka zima nikijingoja mwenyewe!"

"Roho yangu..."

Akakata. Akaifungia namba ya Ngwini isiweze kumpata tena. Kisha akamfuata meneja ofisini, akaomba ile karatasi ya uhamisho, akatia sahihi akiwa amesimama. Kuondoka Jumanne asubuhi.

Ngwini alifungua kompyuta. Hakuhitaji kutafuta. Kwenye mstari wa sauti ya Leo Tu, kitufe kidogo chenye herufi M kilikuwa kinawaka chekundu. Ni kitufe cha kunyamazisha. Ukikibonyeza, mstari ule haufutiki, unakaa pale pale umefunga mdomo, na wimbo ukitolewa unatoka bila huo mstari. Yeye hakukigusa, mara ya mwisho alipousikiliza wimbo kabla umeme haujakatika, sauti ilikuwepo. Akakumbuka hedifoni, macho yaliyofumbwa, "nasikiliza gitaa peke yake." Akashika kichwa.

Akashuka kwa kinyozi, akaazima simu, akaandika: *Ni wewe uliyebonyeza*. Akausoma ule ujumbe. Akaufuta. Akaandika tena kwa maneno laini zaidi, akaufuta nao. Kinyozi akamwambia, "Hiyo simu ina chaji ndogo, tuma au rudisha." Akairudisha.

Jumapili kabla ya saa sita mchana alibisha hodi nyumbani kwa shangazi, shati amelipiga pasi upande mmoja tu, kompyuta ameikumbatia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa ndege?"

"Ndiye mimi."

"Hayupo."

"Nipo!" Sauti ilitoka chumbani. "Mwambie sitaki kumwona!"

"Amesema hayupo," shangazi alisema, lakini akasogea kidogo mlangoni, kwa sababu kijana alikuwa na macho mekundu na yeye si jiwe.

Ngwini aliweka kompyuta juu ya meza, kati ya sufuria na nguo zilizokunjwa. Alisema kwa sauti ya kufika chumbani. "Kosa ni langu. Nilituma bila kusikiliza. Redioni nimekwenda mwenyewe, wamesema wimbo ukishapigwa umepigwa. Sikuja kukuzuia safari. Nimekuja usikie kwamba umo."

Akabonyeza. Ngoma, gitaa, halafu sauti. Ilijaa kile chumba mpaka kwenye vikombe. Shangazi alikaa chini taratibu bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, kwa bahati.

"Huyu ni nani anaimba?"

Leo Tu alikuwa ameshatoka, amesimama na khanga kifuani, hajachana nywele. "Ni mimi, shangazi."

"Wewe? Huyu?" Machozi yalimtoka mama wa watu waziwazi. "Na mimi miaka yote nakugongea mlango wa bafuni nakwambia fanya haraka!"

Leo Tu alisogea mezani. "Kosa lenyewe lipi?"

"Hiki kitufe. Kilibonyezwa, sauti ikanyamaza."

"Nani alikibonyeza?"

"Mimi."

Leo Tu akakitazama kile kitufe. Alinyoosha kidole, akakibonyeza, sauti yake ikakatika, gitaa likabaki peke yake. Akakibonyeza tena, ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, na ile ya tatu akaacha mkono hewani.

"Muongo wewe," alisema polepole. "Alhamisi. Wewe ulishuka kwa kinyozi. Aliyebaki na kompyuta ni nani?"

Ngwini alitazama sufuria.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na nimekutukana, nikakufungia simu, na ukanyamaza?"

"Ningekwambia nini? Mtu aliyesimama mbele ya duka zima akijingoja, nimpigie simu nimwambie ni mkono wake mwenyewe? Bora unikasirikie mimi. Mimi nimezoea kukuudhi."

Leo Tu alilia kwa aibu, kwa hasira, na kwa mapenzi, yote kwa mpigo mmoja, akampiga ngumi begani, kisha akaliegemea lile lile bega. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyeugusa.

"Nimetia sahihi," alisema akiwa bado pale pale. "Na sifuti. Kile chumba chenye dirisha nakitaka. Watu watatu chini yangu nawataka. Ila na kuimba siachi, nilijidanganya."

"Nenda," Ngwini alisema, na ilimuuma kulitamka neno. "Nitakuwa nakupigia."

"Unipigie ya nini? Hebu niambie. Hiyo studio yako, ukiihamisha, unahitaji lori?"

Ngwini aliitazama kompyuta. Akalitazama begi lake. "Inaingia humu."

"Kazi yangu imefungwa ukutani kwa misumari. Yako unaibeba mgongoni. Sasa kati yetu nani ahame?"

Kijana alianza kulifungua begi. Shangazi alijipangusa macho kwa upindo wa khanga, akanyoosha mgongo.

"Ngoja kwanza. Mwanangu hasafiri na mwanaume kama mzigo wa ziada. Unamfuata kule kama nani wake?"

"Kama mume wake, shangazi. Akinitaka." Akamgeukia Leo Tu, mikono yote miwili imetulia kabisa. "Unanitaka?"

"Nakutaka. Na nimesema mbele ya shahidi, usije ukadai hukusikia."

Shangazi aliruka kwenye kiti, akaanza kupekua meza, chini ya nguo, chini ya sufuria, akitafuta simu yake.

"Jumanne ni keshokutwa!" alifoka, machozi bado yanamtoka. "Wajomba saba, na wawili hawasemezani! Nianze kumpigia nani, jamani, nianze na nani?"