Shangazi Amekonda

Rubani alikutwa asubuhi chini ya helikopta yake, amelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Kando yake ilisimama ngazi ya kupandia kwenye mapanga yake ya kuzunguka. Aliyemkuta, fundi ambaye kila mtu alimwita Spana, alikuwa nje amekalia pipa.

Inspekta alipoingia bandani, macho yake hayakufika kwenye mwili kwanza. Aliona watu wanne ndani ya helikopta, kimya, wamefungwa mikanda. Miaka ishirini na sita ya upolisi ilikuwa imemzoesha maiti, lakini wale wanne walimtisha. Alipokaribia akaona ni mifuko ya mchanga. Mitatu imeketishwa vitini, mmoja umevishwa kofia. Wa nne ulilazwa kwenye machela na kufunikwa blanketi.

Spana alieleza kwamba hao ndio abiria wa majaribio. Helikopta ile nyepesi, ya injini moja, ilikuwa imebuniwa humohumo bandani kwa miaka kumi na moja, ili ifike milimani ambako hewa ni nyembamba na kuchukua wagonjwa. Jana, mbele ya wakaguzi, ilisimama hewani futi elfu kumi na mbili na mzigo wote. Kesho wangesaini cheti. Keshokutwa ingeanza kubeba watu wenye damu.

Daktari wa polisi alisema fuvu limepasuka kwa pigo moja, jana kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni.

"Ameanguka kwenye ngazi?" Inspekta aliuliza.

"Inawezekana."

Inspekta akapitisha kidole kwenye ngazi. Grisi tupu, mpaka kidato cha juu. Akainua mguu wa marehemu na kukagua soli ya kiatu. Kavu, safi.

"Huyu hakupanda popote," alisema. "Amepigwa."

Chini ya kucha za marehemu kulikuwa na maranda. Spana alisema hayo wanayamwaga sakafuni kukausha oili, na kweli yalikuwepo kila mahali. Inspekta akaliacha jambo hilo, na baadaye alijilaumu.

Mfukoni mwa marehemu kulikuwa na kijidaftari cha safari. Ukurasa wa mwisho ulijaa tarakimu za joto la injini na kasi ya kupanda. Chini yake, kwa haraka: *Imepanda kirahisi mno. Shangazi amekonda.*

Wenye funguo za banda walikuwa wawili, Spana na Mhandisi. Mhandisi ndiye aliyeibuni helikopta. Tena alikuwa shemeji wa marehemu, maana alimwoa dada yake, ambaye sasa hayupo duniani.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Naishi peke yangu."

"Mligombana?"

"Na shemeji yangu? Ndiye mtu pekee niliyebakiwa naye."

Alijibu bila kumtazama. Upepo wa mlangoni ulikuwa ukisukuma panga la helikopta, na kila lilipolia, Mhandisi alinyamaza kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake amalizie sentensi. Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumpendeza.

Mchana alikwenda kwa shangazi wa marehemu, aliyemlea yeye na dada yake tangu wadogo. Alimkuta mama mnene, amelijaza kochi la watu wawili. Inspekta alimsomea ule mstari kwa sauti ya chini.

"Nikonde mimi?" Shangazi alicheka, machozi yakimtiririka. "Mwanangu, nitazame vizuri. Huyo ni Shangazi wao wa kazini. Waliipa mifuko majina. Huu Shangazi, ule Mjomba, ule Babu. Alikuwa akinitania, eti ananirusha angani bila nauli."

Inspekta alikwishainuka. Ndipo akauliza habari za dada wa marehemu.

Shangazi alisimulia taratibu. Binti alikuwa mjamzito, mumewe ana kazi ya kujenga daraja huko milimani. Uchungu ulimshika mapema. Helikopta ya wakati huo ilikuja, ikakuta wagonjwa wanne. Injini haikuweza wanne. Walichukua watatu, wakamwambia yeye asubiri, watarudi. Ukungu ukafunga siku mbili.

"Na mumewe?"

"Alikuwa hapohapo, kamshika mkono."

Akatoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni. Mstari wa mwisho ulionyesha uzito: kilo 58. Inspekta akaomba kuiazima.

Bandani aliagiza mzani. Kila mfuko wa kitini uliandikwa kilo themanini. Shangazi alikuwa na sitini. Mjomba sitini na mbili. Babu sitini. Sajenti alifungua kamba zao, na chini ya tabaka la mchanga yakatokea maranda.

Mfuko wa machela uliandikwa hamsini na nane. Mzani nao ukasema hamsini na nane, na ndani ulikuwa mchanga mtupu.

"Mhalifu alimsahau huyu, Afande."

"Hakumsahau." Inspekta alipiga hesabu kwenye kiganja. Wale watatu walipungukiwa kilo hamsini na nane. "Spana, huu mnauitaje?"

"Mgonjwa. Aliujaza Mhandisi mwenyewe. Hata kuubeba hatuachii."

"Kwa nini uzito huu?"

"Sijawahi kuuliza."

Mhandisi aliitwa. Inspekta aliiweka kadi ya kliniki juu ya blanketi la Mgonjwa. Panga lililia juu yao.

Mhandisi aliitazama kadi, akaketi sakafuni.

Alisema kwamba mashine yake ilikuwa inagoma. Ikiwa na abiria watatu ilisimama hewani kama iliyopigiliwa misumari. Wakiwa wanne, injini ilichemka na mashine ikaanza kushuka. Alikwangua chuma, akang'oa milango, akapunguza hata rangi. Ilibaki pungufu ya mtu mmoja. Siku mbili kabla ya wakaguzi, mafundi walipoondoka, aliwapunguza wale watatu kwa uzito wa mkewe.

"Ungeondoa mfuko mmoja," Inspekta alisema. "Ungewaambia inabeba watatu. Cheti ungekipata kihalali."

"Nimwondoe nani?"

Mhandisi aliushika ukingo wa blanketi.

"Hata kule juu waliniambia hivyohivyo. Inabeba watatu."

"Na Rubani?"

"Alinifuata hapa jioni. Alikuwa amefungua Shangazi, mikono imejaa maranda. Akasema asubuhi anakwenda kwa wakaguzi. Akasema dada yake hakufa ili wengine waanguke." Mhandisi alijifuta uso. "Akageuka kuondoka. Mtaimbo ulikuwa mkononi mwangu. Nilitaka asimame tu. Kisha nikasogeza ngazi."

"Keshokutwa wangepanda watu wanne wa kweli."

"Ningebadilisha injini."

"Kwa siku moja?"

Mhandisi aliinua macho kwenye panga. Akasema kwa sauti ndogo, "Zamani panga hili lilipolia nilimsikia mke wangu. Tangu jana wako wawili, na sijui nani ananiita."

Inspekta aliwapigia simu wakaguzi, cheti kikasimamishwa. Mhandisi akafungwa pingu na kuketishwa nyuma ya gari, kati ya Sajenti na mlango. Mifuko ilikuwa vielelezo, ilipaswa kwenda kituoni. Dereva alipakia Shangazi, Mjomba na Babu, buti likajaa. Akabaki ameukumbatia Mgonjwa, anatafuta pa kuuweka.

"Hapa nafasi hakuna, Afande," alisema. "Huyu abaki, tutarudi kumchukua."

Kilichomtoka Mhandisi hakikuwa neno. Alijirusha mlangoni na pingu zake, Sajenti akamshika kwa nguvu zote.

Inspekta alishuka kutoka kiti cha mbele. Alimwamuru dereva aje kumchukua yeye mwenyewe baadaye, au asije kabisa, shauri yake. Kisha akalaza kiti chake cha mbele, akausaidia mfuko kuingia, akaulaza chali na kuufunga mkanda. Mhandisi aliacha kupigana.

Gari liliondoka polepole. Inspekta alirudi bandani, akatafuta kamba, akalifunga lile panga ili lisilie tena, grisi ikimpaka hadi viwiko.