Chupa Iliyofukizwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuna chai, Priscah alimkamua ng'ombe wake, Chelel. Alikuwa mmoja tu, na nyumba nzima ilimtegemea. Maziwa ya chai yalikuwa yake. Maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa kwenye kibuyu, yalikuwa yake pia. Isitoshe, mama yake Chelel alitoka kwa mama yake Priscah. Kwa hiyo hukumsema Chelel vibaya mbele ya Priscah kama hukutaka maneno.

Mwezi wa pili Chelel aliugua kiwele. Titi moja lilivimba, likawa moto. Maziwa yakatoka na madonge. Priscah alikwenda duka la dawa za mifugo huko Litein, akanunua tyubu ya dawa ya kutia kwenye titi. Baada ya siku mbili uvimbe ulipungua, naye akaacha dawa. Ugonjwa ukarudi. Akanunua tyubu ileile. Ukarudi tena, na safari hii ukashika titi la pili. Tyubu ya tatu haikusaidia kitu.

Alexander, mumewe, alichoka.

"Mama Kiplimo, huyu amekwisha," alisema. "Ratemo mchinjaji anapita Jumamosi. Tumpatie yeye, kabla hajatufia hapa."

"Ngoja kwanza," Priscah akasema. "Nimpigie daktari."

Daktari wa mifugo aliitwa Jackton. Alizaliwa upande wa ziwa, lakini alikuwa amekaa Litein miaka mingi. Alikuja Jumatatu kwa pikipiki yake. Alikipapasa kiwele, kisha akaomba kuona boksi la dawa.

"Mama, umetumia hii mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na bado unairudia. Pengine vijidudu vimeizoea, haiviui tena. Tuache kubahatisha. Tupeleke maziwa ya titi hili maabara. Huko watavijaribu kwa dawa mbalimbali, watuambie ni ipi inaviweza."

Akampa chupa ndogo yenye kifuniko.

"Kesho alfajiri nawa mikono. Pangusa chuchu kwa pamba yenye spiriti. Maziwa ya kwanza mwaga. Yanayofuata kamulia humu. Chupa hii ni safi."

Safi. Neno hilo ndilo lililoleta kasheshe, kwa maana safi ya Jackton na safi ya Priscah hazikuwa moja. Priscah alifundishwa na mama yake kwamba maziwa hayaingii katika chombo ambacho hakijafukizwa. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet chenye kaa la moto. Hapo ndipo chombo huitwa safi. Na hii chupa ilinuka plastiki. Angewapelekeaje watu wa maabara maziwa katika chupa inayonuka dukani? Wangemwona mwanamke wa aina gani?

Alfajiri aliwasha kijiti, akaisugua chupa ndani mpaka ikanukia vizuri. Ndipo akakamua.

Alhamisi Jackton alirudi akiwa amekunja uso.

"Maabara hawakuona kitu. Hakuna kilichoota."

"Si nilisema?" Alexander akadakia. "Hana ugonjwa, ni uzee. Jumamosi Ratemo amchukue."

Priscah alimtazama Chelel. Jackton naye hakuridhika.

"Mama, ulimtia dawa wiki hii?"

"Hapana."

"Chuchu ulipangusa?"

"Nilipangusa."

"Na chupa?"

Priscah aliona haya. Mumewe alikuwa pale, naye ni mtu wa kucheka. Lakini akinyamaza, Chelel atachinjwa.

"Niliifukiza," alisema polepole. "Kwa senetwet. Kama kibuyu."

Alexander aliangua kicheko. Jackton alitabasamu tu.

"Sasa nimeelewa. Moshi na lile kaa huua vijidudu. Ndiyo maana kibuyu hakiozi. Lakini sisi tulivitaka vikiwa hai. Wewe umewaua mashahidi kabla ya kesi."

"Basi nimfukize kiwele?"

"Hapana, mama. Moshi unafaa kibuyu. Hauwezi kuingia ndani ya titi." Akatoa chupa nyingine. "Hii imeuliwa vijidudu kiwandani. Usiioshe, usiifukize. Usiifungue mpaka unakamua."

Alexander alikuna kichwa, akamtazama mkewe. "Haya. Ratemo nitamwambia apitie mwezi ujao. Tumwone huyu daktari wa moshi."

Ijumaa Priscah alikamua kama alivyoagizwa. Jumatatu Jackton alikuja na picha kwenye simu. Ilikuwa ya sahani ya duara ya maabara.

"Huu ukungu mweupe ni vijidudu vya Chelel," alisema. "Hivi vikaratasi vidogo, kila kimoja kina dawa yake. Tazama hiki. Pembeni pako wazi, vijidudu vimeshindwa kuota. Wanapima hiyo nafasi kwa rula, maana kila dawa ina kipimo chake."

"Na hiki? Ukungu umekizunguka mpaka kwenye karatasi."

"Hiyo ndiyo dawa ya tyubu yako."

Priscah aliketi kwenye kigoda. Mara tatu alikuwa akivilisha vijidudu dawa visivyoiogopa. Alimwonea Chelel huruma.

"Tutatumia hii iliyofaulu," Jackton akasema. "Umalize siku zote nilizoandika, hata uvimbe ukiisha mapema. Maziwa umwage mpaka tarehe hii. Msinywe, msiuze. Wala usiyatie kibuyuni. Maziwa yenye dawa hata mursik hayagandi vizuri."

Priscah alifuata yote. Kumwaga maziwa kulimuuma, lakini alimwaga. Titi la kwanza lilikuwa limeharibika, halikutoa maziwa tena. La pili lilipona, na yale mengine mawili yalibaki salama.

Mwezi uliofuata Ratemo alifika na kamba mkononi.

"Nimekuja kumwona yule ng'ombe."

"Keti kwanza unywe chai," Alexander akamwambia.

Ratemo alikunywa kikombe kizima, akaongezwa.

"Chai yenu ina maziwa mazuri," alisema. "Mnanunua kwa nani?"

"Ni ya huyo uliyemletea kamba."

Jikoni, Priscah aliyasikia hayo akacheka peke yake. Alikuwa akifukiza kibuyu kwa senetwet. Dirishani palikuwa na chupa ndogo ambayo Jackton alimwachia, kama itahitajika siku nyingine. Kifuniko chake kilikuwa bado hakijaguswa.