Santuri Isiyofika Mwisho

Jalada la santuri ile lilikuwa na majina mawili na picha moja. Kwenye picha, wanawake wawili wamesimama mbele ya kipaza sauti kimoja, mmoja wao akiwa na mimba kubwa. Lakini ukiiweka sindano na kusikiliza kwa makini, wanaoimba ni watatu. Mshonaji aliisikiliza kila Jumapili kwa miaka ishirini na minne, na mpaka leo hajaweza kusema, kati ya sauti zile tatu, ipi ilikuwa ya mama yake.

Yule mwenye mimba ndiye mama. Alirekodi wimbo huo mmoja tu, na majuma sita baadaye akafa akimzaa mtoto wake wa mwisho. Studio iliungua mwaka uliofuata pamoja na kanda zote. Santuri chache zilizokuwa zimeshatoka zikapotea moja baada ya nyingine, ikabaki ile ya nyumbani. Baba, aliyepiga gitaa katika wimbo huo, aliulizwa mara nyingi habari za sauti ya tatu, na kila mara alijibu kwa kuuliza kama chai iko tayari. Jambo moja tu alilisisitiza, hata siku alipokuwa anaaga dunia: "Ngoma zikinyamaza, inua sindano. Usiuache wimbo ufike mwisho."

Mshonaji hakuhoji. Makatazo ya wazazi hurithiwa kama vyombo vya kabatini: unavipokea, unavifuta vumbi, basi.

Kasoro ya kwanza ilitokea Jumanne mchana. Alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, akishona sare za shule na kuuvumisha wimbo wa mama kwa pua, kama alivyozoea. Alipofika kiitikio, mtu akampokea. Sauti ya pili, nyembamba, ikamfuata nyuma nyuma kama anayemshikia pindo la gauni.

"Kitinda?" aliita. "Umerudi mapema leo?"

Kitinda alikuwa mdogo wake, yule kitinda mimba, fundi wa simu mwenye kibanda barabara ya pili. Hakuitika mtu. Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio, akanyamaza. Ile sauti iliendelea kwa nusu ya neno, kisha nayo ikakatika, kama mtu aliyegundua kwamba ameonekana.

Ndipo alipoisikia harufu. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyopata moto ikichanganyika na vumbi, ileile inayotoka kwenye gramafoni ikipigwa muda mrefu. Aliitazama gramafoni pembeni. Ilikuwa imefungwa, na kitambaa chake juu, vilevile alivyokiacha Jumapili.

Kesho yake, kwenye chakula cha mchana, Kitinda alikuwa amekaukwa sauti.

"Umekula nini wewe, misumari?"

"Mafua tu, Dada."

"Mafua ya wapi hayana hata kamasi?"

Kitinda alicheka, akajikohoza ili amjibu, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa kikohozi wala jibu. Kilikuwa kipande cha wimbo, laini, kilichokaa sawasawa kwenye noti yake, juu kuliko koo la mwanamume yeyote linavyoweza kufika. Kijiko kilimwanguka. Walitazamana. Na kwa jinsi Kitinda alivyoinamisha macho upesi, dada mtu alijua kuna jambo analolijua.

Aliinuka, akaenda rafuni, akalichomoa jalada. Uzito ulikuwa uleule. Akaivuta santuri iliyokuwa ndani, akasoma karatasi yake ya katikati: masomo ya hesabu kwa shule za msingi.

"Iko wapi?"

Kitinda aliangalia sahani.

"Nimekuuliza, iko wapi?"

"Nimeiuza." Alisema kwa kunong'ona, labda kwa aibu, labda kwa kuogopa koo lake. "Mnada wa mtandaoni. Umefungwa juzi."

"Umemuuza mama."

"Sijamuuza mama, Dada. Mama mimi sikumkuta."

"Ukaniwekea masomo ya hesabu! Ili Jumapili nifanye nini? Nijifunze kutoa na kujumlisha?"

"Nilidhani nitakuwa nimeshapata ujasiri wa kukwambia."

"Nimekubeba mgongoni nikiwa na miaka tisa, Kitinda. Tisa!"

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa." Akasogeza sahani mbali. "Kila Jumapili unaiweka ile santuri, unafumba macho, unatabasamu. Halafu ukiyafumbua unaniona mimi. Unajua unavyoniangalia? Kama mtu aliyebadilishiwa kitu kizuri akapewa kibovu. Miaka yote. Nilitaka siku moja ufumbue macho unione tu."

Mshonaji alijua ni kweli. Hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe. Alikuwa amesalitiwa, naam, lakini hata hasira yake sasa ilikuwa imechanganyika na hatia.

"Uliiuzaje?" aliuliza mwishowe.

Kitinda akamsogezea simu. Minada ya namna hiyo, alieleza, haimwamini muuzaji kwa maneno. Mnunuzi hawezi kuishika santuri, kwa hiyo lazima urekodi video ikipigwa yote, tangu sindano inapogusa ukingo mpaka inapoinuka katikati, asije akauziwa yenye mkwaruzo. Alikuwa ameirekodi mchana mmoja, Mshonaji alipokwenda kununua uzi.

"Yote?" Mshonaji aliuliza. "Mpaka mwisho?"

"Ndiyo masharti yao."

Akabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha simu santuri ilizunguka, na sauti tatu zikaja kama zilivyokuja kila Jumapili, zikafika mahali ngoma zinaponyamaza, na mkono ambao miaka ishirini na minne ulikuwa ukitokea hapo kuinua sindano haukutokea, na sindano ikaendelea, ikavuka, na sauti mbili zikabaki nyuma na moja ikaingia peke yake kule ndani karibu na karatasi ya katikati, ikiimba polepole bila gitaa, bila ngoma, bila hata pumzi ya kupumzikia, kuhusu mlango uliofungwa, na kuhusu mgeni aliyesimama uani tangu alasiri, na maneno yakazidi kuwa machache na sauti ikazidi kuwa karibu, karibu kuliko simu ilivyokuwa karibu, mpaka ikaacha kuimba kabisa na ikaita, kama mtu anavyoita kutoka chumba cha pili, na kwenye video, nyuma ya kamera, Kitinda akasikika akijibu: "Naam?"

Sindano ikainuka. Video ikaisha.

"Ulikuwa unamwitikia nani?"

"Aliniita. Hukusikia? Amesema, 'Kitinda.'"

Mshonaji alikuwa ameufumba mdomo wake kwa kiganja. Alichosikia yeye si Kitinda. Alisikia "Chiriku," jina alilopewa na mama kwa kupayuka kwake utotoni, jina ambalo hakuna aliye hai anayelijua. Na ulimi wake ulikuwa umekwisha kuinuka kuitika.

Alhamisi asubuhi Kitinda aliamka hana sauti yake kabisa. Kila alipojaribu kusema, alisema mwanamke. Mshonaji akamwita Bibi Miwani.

Bibi Miwani alikuwa muuguzi mstaafu, na mtaani walisema amewatoa majini wengi kuliko homa alizotibu. Alifika na kikapu cha plastiki, akaomba kiti chenye mgongo. "Maana hawa wageni hawana haraka," alisema, "lakini kiuno changu kinayo." Alifunga mapazia, akafukiza kitu kwenye kigae, akamketisha Kitinda mbele yake.

"Nani wewe?"

"Mwenye nyumba," kilijibu kinywa cha Kitinda, kwa sauti tamu.

"Nani kakupa nyumba?"

"Mpiga gitaa. Mkewe alikuja studio hana pumzi, mimba imemlemea, hawezi kuimba hata mstari. Mume akatoka uani akalia, akasema yeyote atakayemwimbia mke wake leo, atampa nyumba na sikio. Nilikuwepo. Nikaimba. Nyumba alinipa, humo kwenye santuri. Lakini kila nilipofika kwenye ubeti wangu mwenyewe, akaninyanyua kama nzi kwenye chai. Baba akaninyima mwisho. Mwana amenipa mwisho, akanitoa nyumbani. Sasa niambie, mama, hapa aliyesalitiwa ni nani?"

Moshi ulikwenda juu taratibu. Mshonaji, ambaye alikuwa amekatazwa kusema, alisema.

"Ipi ilikuwa ya mama yangu?"

Uso wa Kitinda ukamgeukia, ukatabasamu tabasamu asilowahi kuwa nalo.

"Ile unayoifumbia macho? Hiyo ni yangu."

"Usimeze hilo," Bibi Miwani alisema upesi. "Jini aliyeumizwa hasemi uongo mtupu, wala hasemi kweli tupu."

Lakini lilikuwa limekwisha kumezwa. Mshonaji alimwona baba yake, tabaka kwa tabaka: akimwangalia binti yake akiipenda sauti ile, akijua au asijue ni ya nani, na akiuliza kama chai iko tayari.

"Irudisheni rafuni," ile sauti iliendelea, ikibembeleza. "Nisikilizwe kila Jumapili, mpaka mwisho. Nitamwachia kijana koo lake. Si unanipenda, Dada?"

Bibi Miwani alimmwagia Kitinda maji usoni, akasema maneno yake, na yule kijana akalegea. Alipofumbua macho aliweza kunong'ona, kwa sauti yake mwenyewe.

"Nimemnyamazisha mpaka kesho adhuhuri," mzee yule alisema akikusanya vitu vyake. "Mkikubali masharti yake, mtaishi naye. Msipokubali, ifuteni kwa moto mistari ya santuri inayopitiwa na sindano, isiwepo hata mmoja. Hatakuwa na pa kukaa."

"Na mama?"

Bibi Miwani alivua miwani yake, akaifuta, hakuivaa mara moja. "Aliyemo humo atatoka naye, mwanangu. Mimi ni wa kufungua mlango tu. Sichagui nani apite."

Bahasha yenye santuri ilikuwa bado kibandani, ikingoja kupelekwa posta. Kitinda aliileta, akamrudishia mnunuzi fedha yake na kumwomba radhi. Jioni nzima santuri ilikaa juu ya meza ya kushonea, na Mshonaji akakaa mbele yake. Hakumficha mdogo wake kwamba anafikiria kukubali. Jumapili moja kwa juma, alisema, si nyingi. Amezoea.

"Na mimi nitaishi wapi?" Kitinda aliuliza.

"Hapahapa. Na koo lako."

"Na yeye."

Mshonaji aliivuta santuri karibu yake.

Asubuhi simu ilitoa mlio. Mnunuzi alikuwa ameandika: "Fedha nimepata, haina neno. Nisaidie kitu kimoja. Mwishoni mwa video, yule mwanamke amelijuaje jina langu? Nilidhani ni mke wangu, nikaitika."

Kitinda alimsomea dada yake ujumbe huo mara mbili. Kisha akatazama chini ya video, palipoandikwa idadi ya watu waliokwisha kuitazama. Walikuwa mia tatu na kumi na mbili. Akaifuta video, na wote wawili walijua kufuta kumechelewa: waliotazama walishaitwa.

Mshonaji alichomeka pasi.

"Nipe mimi, Dada," Kitinda alisema. "Niliyeharibu ni mimi."

"Wewe ulishaachana na mama. Hata hukumkuta." Hakulisema kwa ukali. "Shika kitambaa kisiteleze."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, bila kuamuliwa zaidi: ipigwe pasi yote, tangu ukingo hadi katikati, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwaonyesha mstari upi ni wa nani. Kitinda alishika pembe za kitambaa. Aliyeshika pasi ni Mshonaji. Alianzia pembeni, pale wimbo unapoanzia, akasogea ndani taratibu kama anavyonyoosha ukosi wa shati, na ile harufu ya plastiki na vumbi moto ikajaa chumba, safari hii ikiwa na sababu. Alipofika mahali ngoma zinaponyamaza, chini ya kitambaa, chini ya chuma, mtu aliita.

"Chiriku."

Haikuwa tamu. Haikuwa na wimbo wowote. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka, asiye na pumzi.

Kitinda alimtazama dada yake, uso umesawijika. "Umesikia?"

Mshonaji alifumba macho. Mkono wake ulisimama kwa muda wa kuitika, naye hakuitika. Kisha akaikandamiza pasi kwa uzito wa mwili wake wote, mpaka katikati.