Ng'ombe wa Waqo Wako Fora

Kila asubuhi, baada ya sala, Waqo aliketi mlangoni akawatazama ng'ombe wake. Walikuja taratibu kutoka upande wa Sericho, wakapita juu ya mabati ya Burat, weupe na wa kijivu. Mbele yao alitembea Dima, yule mwekundu, kipenzi chake. Waqo aliwaita kwa majina, mmoja mmoja. Kisha jua lilipanda, mawingu yakatawanyika, na ng'ombe wakaenda zao.

Ng'ombe wa kweli walikuwa wamekufa. Ukame uliwamaliza kule Sericho, na Dima alikuwa wa mwisho kuanguka. Waqo akaileta familia yake Burat, karibu na mji wa Isiolo, wakapanga chumba kimoja. Mkewe, Umulkheir, alifua nguo za watu. Binti yao, Ardo, alikuwa gredi ya sita. Na Waqo? Waqo alichunga mawingu. Usimcheke. Mtu aliyekua na ng'ombe tangu utoto, akiwakosa, hajui mikono yake aiweke wapi.

Siku moja kamati ya mtaa ilipita nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kamati ya majirani, ya msikiti na kanisa pamoja. Walikuwa wamechanga chakula na mbuzi wa maziwa kwa familia zilizoangushwa na ukame. Mmoja wao alikuwa Mama Kithinji, jirani aliyelima sukuma wiki ng'ambo ya mfereji.

"Salaam aleikum, Baba Ardo," alisema Mama Kithinji, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. "Mifugo yenu iko aje?"

"Aleikum salaam. Iko fora," alijibu Waqo, akinyoosha mkono mashariki.

Fora ni malisho ya mbali, ambako vijana hupeleka mifugo wakati wa kiangazi. Kwa mfugaji kama Waqo, kusema mifugo imekwisha ni kama kuvua nguo mbele ya watu. Basi kamati ikaamini. Huyu ana mali yake, walisema, wakaenda mlango wa pili. Mbuzi walipewa wengine. Ndani ya chumba, Umulkheir aliuma pindo la mtandio wake asilie.

Baadaye Umulkheir akashikwa na mgongo. Hakuweza tena kuinama kwenye beseni. Sufuria ikakaa siku nzima bila kuguswa.

"Baba Ardo," alisema jioni moja, "kuna mama mmoja mjini anatafuta msichana wa kazi. Jumatatu Ardo ataenda."

"Na shule?"

"Tutakula shule?"

Ardo alikuwa akikunja sare yake. Aliikunja polepole, akainyoosha kila kona, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Asubuhi Waqo alitazama juu. Mawingu yalikuja kama kawaida, lakini leo hakumwona Dima. Aliona sare imekunjwa. Moyo ulimuuma hata akashindwa kukaa. Aliinuka, akavuka mfereji mpaka shambani kwa Mama Kithinji.

"Mama Kithinji, mimi nilidanganya nyinyi," alisema. "Hakuna ng'ombe fora. Hakuna hata moja. Zote zilikufa."

Kisha akalia, mchana peupe, katikati ya sukuma wiki. Mama Kithinji aliweka jembe chini.

"Pole, Baba Ardo. Pole sana. Lakini mbona hukusema? Sisi tunasaidia yule anatuambia shida yake. Ukificha, tutajuaje?"

"Aibu, mama. Mimi si ombaomba."

"Nani amekuita ombaomba? Sikiza. Kwanza tutaleta unga na maharagwe, ndio Ardo abaki shule. Halafu utapewa mbuzi wawili wa maziwa. Usiuze hao. Usichinjie mgeni, hata kama ni shemeji! Wakizaa, yule jike wa kwanza akiacha kunyonya, unampea familia ingine yenye shida. Wengine wote ni wako."

Waqo alifuta macho. "Lakini hii ni busa gonofa," alisema.

"Ni nini hiyo?"

"Ni desturi yetu Waborana. Mtu akipoteza ng'ombe, ukoo unampea ingine aanze tena. Baba yangu alitoa mara mingi. Hakuna mtu alicheka mwenye kupokea."

"Kumbe ulikuwa unajua haya kuliko mimi!" Mama Kithinji akacheka, na Waqo naye akacheka, macho bado yana maji.

Jumatatu Ardo alienda shule.

Mbuzi walipofika, Waqo aliwajengea banda kavu, lililoinuliwa kidogo kutoka chini. Mama Kithinji alimwonyesha jinsi ya kuwalisha mabua ya mahindi na majani, kwa sababu mtaani hakuna malisho. Daktari wa mifugo aliwachanja na kuwapa dawa ya minyoo. Maziwa yalichemshwa, mengine ya nyumbani, mengine ya kuuza. Umulkheir akaupumzisha mgongo wake. Hata majirani walianza kumwita Waqo awatazamie mbuzi wanaokohoa.

Mvua iliponyesha, mbuzi mmoja alizaa jike mwekundu. Waqo alimwita Dima. Kila alikokwenda, Dima alimfuata.

"Baba, huyu ndiye tutawapea wengine?" aliuliza Ardo. Waqo alimkuna Dima shingoni.

Dima alipoacha kunyonya, kamati ilimchukua Waqo wakatembelee familia iliyohamia karibuni kutoka Kinna. Waqo alikuja na Dima kwa kamba. Walimkuta baba mwenye nyumba, Umuro, ameketi mlangoni akitazama mawingu.

"Mifugo iko aje?" aliuliza Mama Kithinji.

"Iko fora."

Waqo alikaa chini kando yake. Naye akatazama juu, kitambo.

"Zangu pia zilikuwa huko," alisema.

Umuro akamgeukia. "Zilikufia wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sericho. Na zako?"

Umuro alifunika uso kwa mikono yake miwili. "Kinna. Zote."

Waqo aliushika mkono mmoja wa Umuro, akaitia kamba ya mbuzi kiganjani.

"Huyu anaitwa Dima," alisema. "Ukimwita, atakuja."