Vitambaa vya Mama Kanku

Ndugu zangu wa Kolwezi, wengine wenu mtakunja uso mkiisoma hadithi hii. Kunjeni. Naianza kwa mema, maana mema yalikuwapo.

Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Mamie na jirani yake Mama Kanku, mshonaji, walitenganishwa na ua wa mihogo tu. Walitwanga katika kinu kimoja. Kila msimu wa mvua waliingia msituni pamoja kutafuta viwavi wa kula. Kama ilivyo desturi kwetu, mtu akiuona mti wenye viwavi wachanga huufunga kitambaa, na mwenye adabu akikiona hupita. Wanawake hawa waliongeza alama yao wenyewe: fundo lilielekezwa upande wa mti uliofuata, na mti wa mwisho ulifungwa vitambaa viwili. Mmoja akitangulia, mwenzake alimfuata bila kuuliza njia. Mama Kanku alipojifungua binti, alimpa jina la Mamie. Naye Mamie akamletea mtoto kitenge cha manjano cha kumbebea.

Kisha mgodi ukaporomoka, mishahara ikakatika, na njaa ikatafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1993 wakapatikana: watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa hapa na hawajaiona Kasai kwa macho yao. Kabongo, mume wa Mama Kanku, alitolewa nyumbani kwake kwa mawe. Familia ikaenda kulala kituo cha treni, kwetu huitwa gare, chini ya turubai, wiki baada ya wiki, ikingoja treni isiyokuja. Kituo kilikuwa mwendo wa nusu saa. Mamie hakwenda hata siku moja.

"Bakiniona kule, batasema nini?" alimwambia mumewe.

Mumewe, Mukalay, fundi aliyekosa kazi, alikuwa na shughuli nyingine. Uvumi ulienea kwamba waliofukuzwa walifukia mali zao msituni ili wazirudie siku moja. Basi kila jua lilipozama, wanaume waliingia msituni na taa na fito za chuma za kuchomea ardhi. Huyu alirudi na redio, yule na sahani za arusi. Wake zao waliwapokea kwa vigelegele. Vigelegele! Kwa sahani ambamo wao wenyewe walipakuliwa chakula siku ya arusi hiyo!

Hatimaye treni ilikuja ikawachukua. Wiki kama mbili baadaye, jioni moja Mukalay aliingia nyumbani akihema.

"Mamie, niliona bitambaa ku miti, kule njia ya mutoni. Ni ile kitenge ya bluu ya Mama Kanku."

"Achana nabyo, Tata," Mamie alimjibu mumewe.

"Mashini yake ya kushona iko wapi? Haikupanda treni, batu baliona. Weye unajua alama yenu. Unionyeshe."

"Mama Kanku ni rafiki yangu."

"Rafiki? Ulienda kumuona ku gare?"

Ningependa kuwaambia kwamba Mamie alikataa. Hakukataa. Alijifunga kitenge, akachukua taa. Alijiambia kwamba atamtunzia rafiki yake ile mashine mpaka arudi, lakini hawakuwa wamefika hata mti wa pili alipokwisha kuamua itawekwa penye dirisha gani.

Mafundo yalimwongoza vizuri. Mti wa sita, kando ya kichuguu, ulikuwa na vitambaa viwili. Mukalay akachoma ufito ardhini. Ukagonga mbao. Akachoma tena kwa nguvu zake zote, mbao ikatoboka.

"Njo ile, mashini yenyewe!" akasema, akacheka.

Wakachimba. Lilikuwa kweli sanduku la mashine ya kushona, Mamie alilijua. Alipiga magoti akafungua kifuniko mwenyewe, maana hakuweza kungoja.

Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na kitenge cha manjano, kimefungwa vizuri, furushi fupi. Hakuhitaji kukifungua. Ufito wa mumewe ulikuwa umepita katikati yake.

"Funika," Mukalay alinong'ona. "Funika, twende."

Mamie hakuinuka. Mukalay akaokota taa akakimbia, akamwacha gizani, shujaa wetu huyo wa kutafuta hazina. Mamie alirudisha udongo kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Tangu usiku ule wawili hao wanaishi nyumba moja bila kusemezana.

Baada ya miezi mitatu, Abedi, msafirishaji, alishuka kwenye lori lake akiwa na barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai.

"Mamie," Mama Kanku aliandika, "mutoto wa jina yako alikufa na surua ku gare. Ku makaburi balitufukuza. Mashini tuliuza sababu ya dawa, na kisanduku yake njo tulimuzika nayo, usiku, mu pori. Sikukuaga. Lakini nilifunga bitambaa, sababu najua weye peke utabisoma. Umufagilie pale. Mi niko natulia, sababu weye uko kule."

Abedi alisubiri mlangoni. "Mama, nimupelekee jibu gani?"

Mamie alichukua kalamu. Aliandika neno moja, "Nilifika," akaiweka kalamu chini. Abedi aliikunja karatasi hiyo akaenda nayo.

FUNZO

Mali ya jirani aliyefukuzwa si mali iliyopotea. Msiniambie kwamba ni vijana waliorusha mawe. Vijana walirusha, nasi watu wazima tukachimba. Tunawafundisha watoto kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, kisha dhiki ikija tunauliza watu watasema nini. Mamie angekwenda kituoni mchana mara moja tu, angejua mtoto yu wapi, na asingemfukua usiku. Woga wake ulitangulia, tamaa ikafuata njia ile ile. Na wewe mwenye sahani za watu kabatini, zirudishe. Kama hujui pa kuzirudisha, basi usiwapakulie wageni humo ukajiita mkarimu.